Anzia Arobaini

Msicheke kwanza. Najua vipande vipande mmeshavipata kwa Mama Zuhura, na najua kuna watu pale Utende mpaka leo nikipita wanaitana "abee, abee" halafu wanageukia ukutani, lakini mkasa huu haujapata kusimuliwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye mimi, kwa hiyo leo nauanika wote pamoja na aibu yake, na pale paliponitisha nitasema palinitisha, sitajifanya dume.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Njombe, serikali imenipangia Mafia, sijui kuogelea, na nina ugonjwa mmoja tu maishani, nao unaitwa Mkesha. Kwa wasiomjua: Mkesha ni shujaa wa vitabu vya katuni, vile vyembamba, analala mchana na usiku anazunguka mjini amejifunika shuka jeusi, anapambana na majambazi na vitu vingine ambavyo si vya kawaida. Vilianza kutoka baba yangu akiwa kijana na havijakoma, vimepita mikononi mwa wachoraji wengi (wengine Mungu awasamehe, mtu walikuwa wanamchora ana vidole sita), na mimi ninavyo karibu vyote, nimeviweka kwenye ndoo yenye mfuniko kwa sababu ya mende na hewa ya chumvi ya huku. Walimu wenzangu wananijua. Nikianza tu kumtaja Mkesha, kila mtu anakumbuka kuwa ameacha maharage jikoni.

Basi Jumamosi moja asubuhi nimekaa kwenye benchi la Mama Zuhura, pale ufukweni Utende zinapofungwa boti za kwenda Chole, maana pale mtandao unashika na chapati zake ni laini. (Mama Zuhura jina langu la Obadia linamkwama kooni, ananiita Mwalimu Abedi, na pale wote wamemfuata yeye.) Pajani nina mfuko, ndani ya mfuko mna toleo nililokuwa nalirudia. Mara ujumbe ukaingia kutoka kwa binamu yangu Tumaini wa Makambako, ambaye nimemhubiria Mkesha miaka nenda rudi bila mafanikio. Kaandika hivi: "Kaka, nimekubali. Nianzie wapi?"

Nyie hamuijui furaha ile. Swali hilo sisi wapenzi wa Mkesha tumeligombania mpaka watu wamenuniana, kuna wanaosema mgeni lazima aanzie la kwanza, ndiyo heshima, na mimi nasema hapana, ukimtwisha mgeni yale ya mwanzo, na michoro yake ile, na maelezo yake yasiyokwisha, atakimbia kabla hajaonja utamu. Kuandika nikaona kutanichelewesha, nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikaisogeza simu mdomoni, nikaongea kwa sauti ya darasani, kwa sababu nyingine sina.

"Sikiliza. Mkesha usianzie mwanzo, utachoka. Anzia arobaini. Arobaini ndiyo anarudi. Unachotakiwa kujua ni kwamba alizama baharini, watu wote wameshakubali amekufa, isipokuwa mama yake. Siku hiyo mvua inanyesha, mlango umeachwa wazi, anaingia amelowa chapachapa, hapigi hodi, hasemi neno. Na hapo mtu yeyote asimwite jina kabla mama yake hajamwita. Anzia hapo, utanishukuru."

Nilipoishusha simu nikaona mwisho wa benchi kuna mama mtu mzima, kajitanda kanga, kikapu chenye unga kiko miguuni pake, na kikombe cha chai kakishika mkononi bila kunywa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama Zuhura akapaza sauti toka kwenye jiko lake, "Mwalimu Abedi, nikuongeze chai?" na yule mama akaniangalia upya, toka kofia mpaka ndala. "Mwalimu," akasema, "hiyo arobaini, anarudi kweli?"

Mimi nikaona dua zangu zimejibiwa. Kisiwa kizima nimekosa wa kuzungumza naye habari za Mkesha, kumbe yupo, tena mama wa watu wa heshima. Hapa ndipo nilipotakiwa kuuliza swali moja dogo tu, "Nani unayemsema, mama?" Sikuuliza. Nilikuwa nimeshanoga.

"Anarudi, mama. Nimesoma mwenyewe."

"Umesoma wapi?"

"Kitabuni, kimo humu." Nikaupigapiga mfuko.

"Na ya kabla ya arobaini?"

"Ya kabla hayana haja. Ruka yote."

Akautazama mfuko wangu muda mrefu. "Na akirudi, huwa ni yeye yule yule?"

Jamani, swali zuri kama lile hata wapenzi wakongwe hawalifikii, kwa sababu katika toleo la arobaini mchoraji alibadilika, na sura ya Mkesha nayo ikabadilika, na watu wakabishana sana kama aliyetoka majini ni mwenyewe au ni kitu kingine kimevaa umbo lake. Nikamjibu kitaalamu. "Kwa kumwangalia huwezi kujua, mama. Maji yanambadilisha. Mama yake anamjua kwa namna anavyoitika."

Akakiweka kikombe chini, chai imejaa vile vile. "Ijumaa mchana uje kwangu Chole," akasema, "uje na hicho kitabu." Akabeba kikapu chake, akaenda zake kwenye boti.

Mama Zuhura ndiye aliyenieleza kuwa yule ni Bi. Mwanaidi. Mwanawe wa pekee, Sefu, alikwenda kuvua huko Ras Mkumbi, chombo kikapinduka, wenzake wakaokotwa wazima, yeye hakuonekana hadi siku ile. "Basi kakataa katakata," akasema Mama Zuhura. "Asisaliwe, isisomwe hitma, wala mtu asimwambie pole. Hitma ya maiti, anasema, na yeye maiti hajaiona. Halali usingizi. Hali chakula. Mlango haufungi. Kaka yake, Mzee Faki, kambembeleza mpaka kachoka, na Ijumaa ndiyo arobaini yenyewe." Katikati ya juma habari zikavuka maji kuwa Bi. Mwanaidi amekubali, kawaambia watu waje Ijumaa, tena kwa wingi, ndugu wanashukuru Mungu na hakuna anayejua kilichombadili moyo.

Na mimi hapo (msinitazame hivyo), mtu mwenye cheti cha ualimu, neno arobaini limetajwa puani kwangu, bado sikuunganisha. Nilijua amenialika kwa wema, na kwamba kitabu anataka atazame picha apate kupoa moyo. Nikajiona mtu wa maana.

Ijumaa ikaja na wingu. Mvua ilianza asubuhi na kufika mchana anga imekuwa nyeusi mpaka Mama Zuhura amewasha taa bandani. Akanivisha kanzu ya mumewe na kofia yake, maana arobaini ya watu haiendewi na jinzi, akanifungia sukari kwenye mfuko, kitabu nikakitia kwenye mfuko mwingine wa plastiki. Wageni wa upande wetu walikuwa wameshavuka mapema, nikabaki mimi na Bakari mwenye boti. Nikajifunika turubai kichwani, nikainama, njia nzima nikawa naangalia maji yanayocheza kwenye sakafu ya boti, kwa sababu asiyejua kuogelea hana haja ya kuyaangalia ya nje.

Maji yalikuwa yamekupwa, boti haiwezi kufika. Bakari akazima mashine mbali na nchi kavu. "Shukeni hapa," akasema, "yanaishia magotini." Nikaona ananiheshimu, maana watu wa huku mtu mmoja wanaweza kumsemesha kwa wingi akiwa mgeni au mwenye hadhi, na mimi nilikuwa na kanzu. Nikashuka. Hatua chache tu nikaingia kwenye shimo, nikazama mpaka kofia, nikameza maji, sukari ikaenda, simu ikaenda, kofia ya mume wa watu ikaenda. Kilichobaki ni kitabu kwenye plastiki yake, nimekinyanyua juu.

Nikaendelea kutembea huku nakohoa. Ndipo nikasikia nyuma yangu miguu mingine inakata maji, taratibu, sawa na ya kwangu. Nikasimama, ikasimama. Nikaenda, ikaenda. Nikageuka, nikaona mvua tu, na boti ya Bakari imeshakuwa kivuli. Nikajiambia ni maji yanarudisha sauti, sisi walimu wa jiografia hatukosi maelezo, lakini ukweli ni kwamba sikugeuka tena mpaka nilipokanyaga mchanga.

Chole siku nyingine kuna watu njiani na salamu zisizoisha. Siku ile milango yote imefungwa, njia tupu, na popo wa kisiwani, ambao mchana hulala wamening'inia, walikuwa wanaruka juu ya miti kwa sababu ya lile giza, wala hawatoi sauti. Nikaitambua nyumba kwa viatu vilivyojaa barazani. Nilitegemea kusikia wanasoma, maana hitma huisikia kabla hujafika. Hakuna sauti. Mlango uko wazi, mvua inapiga mpaka ndani, na hakuna mtu aliyejisumbua kuusindika.

Nikataka kupiga hodi. Haikutoka, koo limejaa maji ya chumvi na meno yanagongana. Nikaingia.

Ndani mlikuwa mmejaa, wanaume upande huu na juzuu zao mikononi hazijafunguliwa, wanawake upande ule, moshi wa udi umetanda, na hakuna aliyeniangalia usoni. Walikuwa wanatazama miguu yangu, maji yanavyochuruzika kutoka kwenye ile kanzu na kusambaa sakafuni. Mzee mmoja akaivuta miguu yake yasimfikie. Mwanamke akaanza kusoma kitu chini ya pumzi, mwenzake akamziba mdomo, na hapo nikaelewa kuwa wameamriwa wanyamaze.

Bi. Mwanaidi akainuka katikati ya wanawake, akaja mpaka mbele yangu. Macho yake hayakuwa kwangu hasa, yalikuwa pembeni kidogo ya bega langu, kule mlangoni.

"Sefu," akaita.

Nikageuka kumtazama anayeitwa. Hapakuwa na mtu.

"Sefu, mwanangu. Umechelewa."

Hapo ndipo vyote viliponiangukia kwa pamoja: arobaini, alizama, mama yake peke yake anakataa, mlango wazi, mtu asimwite kabla yake. Maneno yangu. Yale niliyomwambia Tumaini kwa sauti ya darasani, mwanamke yule alikuwa ameyabeba akayapeleka nyumbani, akaita watu, akaacha mlango wazi, na sasa anayasubiri yatimie. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo nieleze, plastiki ikachanika mkononi, kitabu kikaanguka kifudifudi kwenye maji.

Aliyekiokota ni Mzee Faki, kakake Bi. Mwanaidi. Akakigeuza. Kwenye jalada kuna mtu anatoka baharini amejifunika shuka jeusi, macho meupe matupu.

"Hiki ndicho kitabu?" akaniuliza.

"Ndicho, mzee."

"Wewe ni mwalimu wa nini?"

"Wa jiografia."

Upande wa wanawake mtu akakohoa, kile kikohozi cha kuficha kitu kingine. Niwaeleze nyie wa bara kama mimi: huku kuna mwalimu wa chaki na kuna mwalimu wa kitabu, yule anayekifungua akakuambia aliyepotea yuko wapi na atarudi lini, na mama anayemsikia mtu anaitwa Mwalimu Abedi, ana kitabu mfukoni, anatoa habari za aliyezama kwa uhakika vile, hana sababu ya kumdhania kuwa anafundisha mistari ya latitudo.

"Dada," akasema Mzee Faki kwa upole wa mtu aliyekasirika sana, "hii ni katuni. Ya watoto."

(Na nisimameje mbele za Mungu, katika saa ile, nimelowa, nimeaibika, moyo wangu ulitaka kumsahihisha kwamba si ya watoto.)

"Nimesikia, kaka," akajibu Bi. Mwanaidi bila kugeuka. "Ngoja kwanza." Akaushika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto, au wangu ndio ulikuwa wa maiti. "Mwalimu alisema mama humjua mwanawe kwa kuitika. Nimemwita, hajaniitikia." Akavuta pumzi. "Sefu."

Watu wote wale wananingoja mimi. Niseme mimi siye? Nimwambie hivyo mama aliyenishika mkono? Ninyamaze? Akili ilikuwa bado inatafuta njia wakati mdomo umeshafunguka wenyewe, na kilichotoka ni kile kinachotokaga kila mama akiniita, maana nimelelewa na dada zangu tu, nikajifunza kuitika kwa kuwasikiliza wao, na shuleni nilichapwa sana bila kupona.

"Abee," nikasema.

Mnajua wenyewe. Mwanamume akiitwa anaitika naam, abee ni ya wasichana. Mwanamke mmoja likamponyoka cheko, akajiziba kwa kanga, likamponyoka la pili, mwingine akapokea, na wengine waliokuwa wanacheka wakawa wanalia humo humo, mpaka na wanaume wakainamisha vichwa mabega yanatikisika, na mimi nimesimama katikati yao na kanzu ya mume wa Mama Zuhura.

Bi. Mwanaidi hakucheka. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza toka niingie, akaona pua yangu, akaona masikio yangu, akaona mtu wa Njombe.

"Siye," akasema. "Sefu wangu angeitika naam. Hata na homa, hata usingizini, ukimwita ni naam. Siye." Akauachia mkono wangu, akakaa pale pale kwenye maji, na akalia. Cheko likakatika. Alilia kwa sauti kubwa, akimtaja mwanawe, kile kilio ambacho Mama Zuhura aliniambia baadaye kuwa hakikuwa kimetoka tangu siku walipomletea habari. Wanawake wakamzunguka. Alipopata sauti alisema neno moja tu kwa kaka yake.

"Someni."

Wakafungua juzuu, wakasoma. Mzee Faki akanivuta karibu na ukuta, akanipa shuka kavu nijifunike. Na mimi nililia, siwafichi, nikajifuta kwa shuka la watu, nikaona kuwa nimeingia kwenye msiba wa mtu bila hodi na mchezo wangu mkononi. Mlango walikuja kuufunga wao wenyewe, katikati ya kisomo, taratibu.

Tulipokula ubwabwa nikaaga. Mvua imekatika, maji yamejaa, Bakari ameisogeza boti mpaka karibu. Nikapanda. Hakuwasha mashine, akawa anaangalia njia niliyotokea.

"Tunamngoja nani?" nikamuuliza.

"Mwenzio. Au anabaki?"

"Mwenzangu yupi?"

"Uliyeshuka naye. Yule aliyekaa mbele kule, hakusema kitu njia nzima. Nikajua mwalimu mwenzio."

Nikamwambia nilikuja peke yangu. Akanitazama, nikamtazama, akaiangalia sehemu ya mbele ya boti pale penye ubao wa kukalia, akavuta kamba ya mashine. Mpaka Utende mimi nilikaa karibu naye kabisa, magoti yanagusana, na mbele sikutazama.

Kwa muda mrefu sikukanyaga bandani kwa Mama Zuhura, na nilipokanyaga, mtu wa kwanza kumkuta kwenye benchi alikuwa Bi. Mwanaidi. Nilitaka kugeuza. Akaniita, "Mwalimu," na nikauma ulimi nisiitike. Akatoa kitabu kwenye kikapu, amekianika juani, kurasa zimejikunja lakini zote zipo.

"Nimekitazama, na maneno nimesomewa," akasema. "Mama wa humu ana bahati." Alikunywa chai yake mpaka nusu. "Hivi hakina mwanzo? Alipokuwa bado mzima?"

"Upo, mama. Uko kwenye toleo la kwanza."

"Nipe hilo. Mimi nataka kuanzia huko."

Nikaenda nyumbani nusu nakimbia, nikaifungua ndoo, nikarudi na la kwanza, lile lile ninalowakataza watu, vidole sita na maelezo marefu. Akalifungua. Ukurasa wa mwanzo Mkesha ni mtoto mgongoni kwa mama yake, amefungwa mbeleko, mchoraji kamkosea kichwa kimekuwa kikubwa kama boga, na mwanamke yule akautazama ukurasa mmoja ule mpaka chai yake ikapoa, anatabasamu. Jioni ile nikamwambia Tumaini aufute ujumbe wangu, aanzie la kwanza, na yeyote atakayeniuliza tena maisha haya jibu ni hilo hilo, la kwanza, na nitamjibu kwa maandishi, sitamjibu kwa sauti penye watu.

Lakini kabla sijaondoka pale bandani, Bi. Mwanaidi aligeuza ukurasa, akakivuta kikapu chake, akasogea kidogo kwenye benchi kama anayempisha mtu akae naye atazame. Na kwenye benchi tulikuwa wawili tu. Sikuuliza. Na mimi nikasogea.